Kusafiri kutoka Mtwara hadi kwenye maonesho ili kununua baiskeli: unafuu upo kweli?

Mwalimu wa Mikindani aliuliza:

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na rika langu hamjambo.

Mimi ni mwalimu, ninaishi Mikindani na kufundisha Mtwara mjini, umbali wa kilomita kama kumi. Ninahitaji baiskeli tatu: moja yangu ya kwendea kazini, na mbili za vijana wangu wanaosoma sekondari, ambao sasa hivi wanatembea kwa miguu au wananidai nauli ya bodaboda kila asubuhi. Nimekwisha kuzunguka maduka ya mjini, na bei nilizotajiwa, hasa za baiskeli zenye gia, zimenifanya nirudi nyumbani kutafakari upya.

Mwenzangu mmoja kazini ananishauri nivute subira hadi Maonesho ya Saba Saba, kwa hoja kwamba pale wauzaji wanashindana banda kwa banda, kila mmoja anatangaza bei ya maonesho, na kwamba ikifika tarehe 12 au 13 Julai hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Mwingine anasema nisijisumbue na Dar es Salaam, niende tu Nane Nane viwanja vya Ngongo, Lindi, ambako ni karibu. Juu ya hayo, mpwa wangu anayesoma Ujerumani amenipigia simu akaniambia kwamba Frankfurt yanafanyika maonesho ya baiskeli tupu, yanaitwa Eurobike, na kwamba yuko tayari kwenda kunitafutia kitu cha maana.

Swali langu ni hili: mtu asiye mfanyabiashara, ambaye anachotafuta ni bei nafuu na si kingine, ana lolote la kupata kwenye maonesho ya namna hii, au ni mahali pa kutembea na watoto na kurudi na mfuko uliojaa vipeperushi? Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa watu waliokwenda kwa nia ya kununua, wakapiga hesabu ya safari nzima, na si ya bei ya bandani peke yake.

Mchuuzi wa Lindi alijibu:

Mwalimu, salamu. Nina duka la vifaa mchanganyiko hapa Lindi, baiskeli na vipuri vikiwamo, na Saba Saba ninakwenda kila nikipata nafasi, kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande wa muuzaji, ingawa jibu lenyewe halinisaidii kibiashara.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Yapo maonesho ya wafanyabiashara kwa wafanyabiashara, na yapo maonesho ambayo kwa kweli ni soko kubwa lenye kiingilio. Mfano wa aina ya kwanza ni yale ya Canton, mjini Guangzhou, ambayo yamekuwapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Pale utaona baiskeli za kila namna, na utatajiwa bei ambayo itakufanya ujione umekuwa ukiibiwa maisha yako yote, lakini bei hiyo ni ya bandarini kwao, kabla ya meli, bima, ushuru na VAT yetu ya asilimia 18, na inaambatana na kiwango cha chini cha oda. Ukimwambia yule muuzaji kwamba unataka baiskeli tatu, atakupa kadi yake ya biashara kwa heshima zote na kumgeukia mteja anayefuata. Baiskeli aliyoiweka pale ni sampuli tu, kwani anachouza hasa ni nafasi ya kiwanda chake kukutengenezea mzigo wa kontena. Kwa hiyo mtafuta unafuu hana la kufanya huko, hata angepewa tiketi ya bure.

Saba Saba ni ya aina ya pili, kwa sehemu kubwa. Inaandaliwa na TanTrade katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotuingiza Dar sisi watu wa kusini, na kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai unaweza kweli kununua kitu kimoja kimoja bandani. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba baiskeli inayouzwa shilingi 250,000 Mtwara unaipata bandani kwa 210,000. Umeokoa 40,000 kwa moja na 120,000 kwa zote tatu. Sasa ondoa nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya angalau usiku mmoja, chakula, kiingilio, bajaji au kirikuu cha kutolea mzigo uwanjani hadi stendi, na kile ambacho kondakta atakutoza kwa kuweka baiskeli tatu kwenye buti. Utaona kwamba zile 120,000 zimeyeyuka kabla hujavuka daraja la Mkapa pale Rufiji. Wala haya si mambo ya bahati mbaya, kwa sababu tofauti ya bei kati ya Dar na kwetu kwa kiasi kikubwa ni gharama ya kusafirisha mzigo. Mimi ninaigawanya gharama hiyo kwenye lori zima lenye mamia ya vitu, wakati wewe unaibeba peke yako kwa vitu vitatu. Ukienda kuchukua mwenyewe hujaikwepa nauli ya mzigo, umejigeuza msafirishaji, tena wa gharama ya juu kuliko sisi.

Kuhusu bei ya maonesho, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuiamini. Mpigie mtu yeyote unayemwamini aliye Dar, apite Kariakoo na kuuliza bei ya baiskeli ile ile, ya jina lile lile, katika duka la jumla na la rejareja. Mara nyingi utakuta kile kinachoitwa punguzo ni bei ya kawaida ya dukani, ila kuna bei kubwa zaidi iliyoandikwa juu yake na kukatwa mstari. Muuzaji amelipia banda, amelipa vijana wa kusimama siku zote hizo, amelipa na usafiri wa kuingiza mzigo uwanjani. Fedha hizo lazima zirudi mahali fulani, na mahali penyewe ni mfukoni mwa mnunuzi.

Ipo hali ambayo ningekuambia nenda. Kama una shughuli nyingine Dar siku hizo, au unataka aina ambayo huku kwetu haipatikani kabisa, pita siku mbili za mwisho na uulize moja kwa moja kama wanauza zile walizoziweka kwa ajili ya kuonyeshea. Hizo zimeguswa na watu wengi, zimepata mikwaruzo, watoto wamezipanda, na mwenye nazo anajua kwamba akizirudisha dukani hazitauzika kama mpya, kwa hiyo hapo punguzo huwa la kweli. Ukinunua, dai risiti ya EFD na anwani ya duka lake la kudumu, kwa sababu tarehe 14 banda limekwisha kuvunjwa na yule kijana mchangamfu aliyekuambia kuna dhamana ya mwaka mzima hutampata tena.

Afisa Ugani wa Nachingwea alijibu:

Kaka Mchuuzi ameeleza vizuri, lakini mimi nitampinga kidogo, kwa sababu amehesabu kana kwamba kila mnunuzi anasafiri peke yake na kwa fedha yake.

Sisi watu wa kilimo huwa tunapelekwa Nane Nane pale Ngongo kikazi, kwa hiyo nauli na malazi havikuingia kwenye hesabu yangu. Maonesho yenyewe, Mwalimu, ni ya kilimo: mbegu, vipando vya mfano, mashine za kubangulia korosho, matrekta madogo, mabanda ya halmashauri na ya taasisi. Usitarajie kukuta jengo zima la baiskeli. Wanaouza baiskeli ni wafanyabiashara wachache wanaokuja na bidhaa mchanganyiko na kujipanga pembeni, na kuna mwaka unakuta hawapo kabisa. Mtu akikuambia panda gari kutoka Mtwara hadi Lindi kwa sababu ya baiskeli za Nane Nane tu, usimsikilize.

Hata hivyo nilinunua pale, na nilinunua vizuri. Ilikuwa alasiri ya tarehe 8 Agosti, mgeni rasmi amekwisha kuondoka, vumbi limetanda na watu wameanza kufungua turubai. Muuzaji mmoja alikuwa amebakiwa na baiskeli kadhaa na lori alilokodi lilikuwa linamsubiri, na dereva alikuwa anapiga honi bila kuona haya. Sisi tulikuwa wenzangu kadhaa wa ofisi moja, tukakubaliana mapema kwamba hakuna atakayeuliza bei peke yake. Tulimwendea kwa pamoja, mmoja wetu akawa msemaji, tukataja idadi tunayotaka na fedha tuliyonayo mkononi. Alikataa, tukaondoka, akatuita, tukarudi, na baada ya kuvutana kidogo akakubali. Ninaamini kilichompunguzia bei ni nafasi ya lori, maana kila baiskeli aliyoirudisha ingechukua mahali pa mzigo mwingine.

Jambo ambalo lazima Mwalimu alijue ni kwamba siku ya mwisho unachagua kutoka kwenye mabaki. Zile nzuri zimekwisha kuondoka tangu siku ya pili au ya tatu. Tulichokuta ni za ukubwa ambao si wa kila mtu, na nyingine breki zake zilikuwa hazijafungwa kabisa. Mimi kimo changu kilinisaidia, lakini mwenzetu mmoja mrefu alitoka mikono mitupu, na hakujuta.

Mwanakusini Ughaibuni alijibu:

Habari za nyumbani, wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, ninaishi Ujerumani, na Eurobike nimewahi kuingia, kwa hiyo nijibu sehemu inayomhusu mpwa.

Maonesho hayo yalianza 1991 katika mji wa Friedrichshafen, kando ya ziwa Bodensee, yakakaa huko miaka mingi, kisha yakahamia Frankfurt kuanzia 2022. Ni makubwa kiasi kwamba ukiingia asubuhi jioni inakukuta hujamaliza kumbi. Siku nyingi ni za watu wa biashara hiyo, na wananchi wa kawaida hutengewa siku zao, kwa desturi mwishoni mwa juma. Mpwa wako ataingia siku hizo, ataruhusiwa kupanda baiskeli za majaribio, atapewa chupa ya maji yenye nembo ya kampuni, na atatoka na furaha tele. Lakini mabanda makubwa hayauzi. Kazi yake ni kuonyesha matoleo yanayokuja ili wenye maduka waagize, na baiskeli za pale ndizo mpya na ghali kuliko zote, kwa hiyo mtu anayetafuta unafuu atakuwa amekwenda mahali ambapo bei haijaanza hata kushuka.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wengi hawalijui. Umoja wa Ulaya unatoza baiskeli zinazotoka China ushuru maalumu wa kuzuia bidhaa za bei ya kutupa, na tangu 2005 kiwango chake kwa watengenezaji wengi wa huko ni asilimia 48.5, juu ya ushuru wa kawaida. Maana yake ni kwamba baiskeli ya kawaida, ya aina ambayo Mwalimu anaihitaji, ni ghali zaidi huku kuliko inavyoweza kuwa kwenu, ambako inatoka China au India moja kwa moja. Kununua baiskeli Frankfurt ili upate unafuu Mikindani ni kuvuka bahari kufuata chumvi.

Tena siku hizi ukumbi baada ya ukumbi ni baiskeli za umeme. Mpwa asije akashawishika. Betri yake kwa kawaida ni ya wati-saa 400 na kuendelea, wakati kikomo cha betri za lithiamu anazoweza kubeba abiria katika ndege ni wati-saa 160, kwa hiyo atafika uwanjani na kuambiwa aiache. Na hata ikifika kwa meli, atakayeitengeneza Mtwara ikigoma ni nani?

Unafuu wa kweli niliouona huku haukutoka kwenye maonesho yoyote. Ulikuja kuanzia 2022 na 2023. Wakati wa Uviko watu walinunua baiskeli kwa fujo, viwanda vikaagizwa kupita kiasi, na mzigo ulipofika hamu ya wateja ilikuwa imekwisha. Maghala yakajaa, maduka yakakata bei mwezi hadi mwezi, na hata Wiggle, duka kubwa la mtandaoni la Uingereza, likaingia mikononi mwa wafilisi Oktoba 2023. Aliyekuwa na subira alinunua baiskeli nzuri kwa bei ambayo hakuna banda lingempa. Wamarekani nao walikuwa na maonesho yao makubwa ya biashara ya baiskeli, Interbike, yaliyoanza 1982 na kufanyika miaka mingi Las Vegas. Baada ya yale ya 2018 mjini Reno hayakuendelea tena, kwa sababu kampuni kubwa zilikwisha kuona kwamba zinaweza kuwafikia wenye maduka bila kulipia mabanda.

Kama mpwa anataka kukusaidia, kuna njia bora zaidi, nitaieleza ukitaka.

Fundi wa Mkuti alijibu:

Mwalimu, mimi ni fundi baiskeli hapa Masasi, na nimesoma majibu yote kwa makini. Wenzangu wamezungumzia mahali pa kununua. Mimi naona wakati wa kununua una uzito zaidi.

Huku kwetu bei ya baiskeli inafuata korosho. Minada inaanza Oktoba, fedha za wakulima zinaingia kwenye akaunti, na kuanzia hapo hadi karibu na Krismasi hakuna muuzaji wa baiskeli anayekubali kupunguza hata elfu tano, maana anajua nyuma yako yuko mtu kutoka Newala au Tandahimba mwenye fedha taslimu. Sasa njoo dukani kwake mwezi wa tano, wa sita au wa saba, wakati watu wako kwenye kupuliza salfa na hakuna mwenye fedha ya ziada. Baiskeli zile zile zimening'inia palepale, zimeshika vumbi, na kodi ya fremu ya duka inadaiwa. Huo ndio wakati wako, na bahati nzuri ni wakati ule ule ambao ungekuwa unasafiri kwenda Saba Saba. Nenda na fedha ya baiskeli tatu mkononi, kwa muuzaji mmoja, kama dada wa Nachingwea alivyoeleza, uone kama hutasikilizwa.

Msimu wenyewe una upande wake wa pili. Mkulima akipata fedha nzuri ananunua pikipiki, na baiskeli aliyokuwa akiitumia inakaa nyuma ya nyumba. Januari na Februari mimi huletewa nyingi niziuzie wenyewe. Hizo za chuma, za Kichina kama Phoenix au za Kihindi kama Hero, fremu yake haifi. Ukibadilisha tairi, tyubu, mnyororo na gololi, vijana wako wanasomea hadi kidato cha sita.

Sasa kuhusu ukaguzi, popote utakaponunua, bandani au dukani. Usinunue mbuzi ndani ya gunia. Igeuze baiskeli kichwa chini, zungusha gurudumu la mbele, kisha egemeza mkono kwenye uma na usogeze ncha ya kidole gumba hadi ikaribie ringi bila kuigusa. Ringi ikipita na kukugusa sehemu moja, ikakuacha sehemu nyingine, gurudumu hilo halikunyooshwa, na baiskeli nyingi za bei ya chini zinatoka kwenye boksi zikiwa hivyo. Bana spoku mbili mbili kwa vidole, kuzunguka gurudumu lote, uzisikie kama zimekaza sawasawa. Shika gurudumu kwa juu, ulisukume kushoto na kulia: likicheza, gololi zimelegea, na likizunguka kwa kukwaruza, zimekazwa mno au hazina grisi. Mimi kila baiskeli mpya ninayoletewa kuiunganisha huwa naifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwanza, na si mara moja nimekuta gololi zimekaa kavu kabisa. Mwisho inama uangalie chini, pale bomba zote zinapokutana kwenye ekseli ya pedeli. Weldi iwe imezunguka bomba lote, maana hapo ndipo fremu hafifu zinapokatikia.

Ukubwa wa gurudumu ni jambo ambalo bei ya maonesho inaweza kukufanya ulisahau. Baiskeli zetu za kawaida za inchi 28 kwa 1½ zinavaa tairi ya kipenyo cha milimita 635, na zile za gia za inchi 26 zinavaa ya milimita 559. Tairi hizo unazipata kila gulio. Lakini baiskeli za kisasa zinazoandikwa 29 au 700C zinavaa ya milimita 622, na hiyo haiingii kwenye ringi ya 635 hata uivute kwa koleo, ingawa kwa macho zinafanana. Nimewahi kuletewa baiskeli nzuri sana iliyonunuliwa kwa punguzo, ikakaa bandani kwangu muda mrefu kwa kusubiri tairi kutoka Dar. Unafuu wa siku ya kwanza ulikwishia hapo.

Na kwa kuwa unaishi Mikindani, usidanganywe na ringi za chuma zinazong'aa. Upepo wa bahari utazila. Tafuta ringi za alumini, na mnyororo uupake mafuta mara kwa mara.

Mwalimu wa Mikindani aliandika:

Nawashukuru sana, na nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Suala la Frankfurt nimelifunga, na mpwa nimemwambia aende akatembee kwa raha zake. Saba Saba nayo nimeiacha, isipokuwa kama nitapata safari ya kikazi.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza ni kwa Fundi: kwa njia ya Mikindani hadi mjini, yenye mlima wa kutokea kijijini na baada ya hapo tambarare, gia zina umuhimu, au nichukue ya kawaida na kuokoa fedha? La pili ni kwa ndugu wa Ughaibuni: ile njia bora uliyoitaja ni ipi?

Mchuuzi wa Lindi alijibu:

Kabla Fundi hajajibu, Mwalimu, niongeze kwamba wauzaji wengi wa huku tunapokea baiskeli zikiwa vipande ndani ya maboksi, tunamlipa fundi aziunganishe. Muulize muuzaji wako kama atakuuzia zikiwa bado bokisini. Wengi tutakupunguzia, kwa sababu umetuondolea kazi na nafasi. Hapo utamlipa fundi wako mwenyewe, na utakuwa na uhakika kwamba grisi imewekwa.

Mwanakusini Ughaibuni alijibu:

Njia yenyewe ni vipuri vidogo. Mpwa akija likizo, abebe vitu vyepesi ambavyo tofauti ya ubora wake inaonekana: raba nzuri za breki, waya za breki na za gia, taa za kuchaji, na mnyororo mmoja au miwili. Vyote vinaingia kwenye begi, havihitaji boksi la baiskeli wala kubishana na shirika la ndege. Vitu vya aina hiyo ndivyo vinavyopatikana kwa bei ya kutupa katika maduka ya huku yanayomaliza akiba, na hata pembezoni mwa maonesho wauzaji wadogo huvimwaga kwenye makapu siku ya mwisho.

Ajue tu anunue mnyororo wa aina gani. Kama friwili yako, yaani yale meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma, ina mistari sita, saba au nane, mnyororo wa aina moja kwa kawaida unatosha zote. Wa mistari tisa ni mwembamba zaidi, haufai. Na baiskeli isiyo na gia inatumia mnyororo mpana kuliko hiyo yote. Mpigie picha friwili kwa karibu, umtumie.

Fundi wa Mkuti alijibu:

Kwa ule mlima wa Mikindani na umri wako, ambao sitauuliza, chukua yenye gia, lakini usikimbilie yenye gia ishirini na moja. Zile za bei ndogo zina derela, yaani kifaa cha kuhamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, ya plastiki mbele na nyuma, na ya mbele ndiyo inayoharibika kwanza. Sita au saba za nyuma peke yake zinakutosha kabisa. Vijana wachukulie za kawaida zenye keria imara, watabebea mabegi na madumu ya maji.

Wazo la bokisini la Mchuuzi naliunga mkono. Ukizipata hivyo, fundi yeyote wa Mtwara mwenye kujiheshimu atakuunganishia, ila ukiamua kujaribu mwenyewe, kumbuka pedeli ya kushoto inafungwa kinyume. Wengi huilazimisha kwa spana kama ile ya kulia, wakaharibu uzi wa mkono wa pedeli siku hiyo hiyo, na mkono huo wa kushoto kuupata peke yake si rahisi, kwa sababu huuzwa pamoja na wa kulia.